Mwanamke wa Kitenge cha Manjano

Milango ya treni ilijaribu kufunga ikashindwa, ikajaribu tena, na watu wote ndani ya behewa wakageuza shingo kumtazama mtu aliyekuwa akiizuia.

Alikuwa mwanamume mrefu, maji ya kunde, amevaa koti jeusi lililochakaa viwikoni na skafu nyekundu ya sufu iliyozungushwa shingoni ovyo. Mikononi alikuwa amekumbatia bomba la kadibodi refu kuliko yeye. Nusu ya bomba ilikuwa ndani ya treni, nusu bado iko nje kwenye jukwaa la T-Centralen, stesheni kuu ya jiji, ambako umati wa watu wa manunuzi ya Jumamosi ulikuwa ukisukumana na mifuko. Dereva akasema jambo kwa Kiswidi kwenye spika, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Yule bwana hakuelewa. Akatabasamu kwa kila mtu, kisha akanong'ona peke yake, kwa Kiswahili cha Bukavu kabisa:

"Mungu wangu, hiki kitu kitaniua leo."

Asifiwe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alicheka kabla hajajizuia.

"Inamisha upande huu," akamwambia. "Kichwa kwanza, kama mtu anayeingiza kitanda chumbani."

Mwanamume aligeuka kana kwamba ameitwa kwa jina lake la utotoni. "Dada, unasema Kiswahili?"

"Nasema. Inamisha, watu wanataka kwenda kwao."

Walisaidiana. Bomba likaingia mshazari, ncha yake ikatua juu ya gazeti la bibi mmoja wa Kiswidi, naye akalisogeza kwa kidole bila kuinua macho. Milango ikafunga. Treni ikaondoka.

"Aksanti," alisema yule bwana akihema. "Nilikuwa karibu kuomba hifadhi hapo jukwaani."

"Kuna nini humo ndani?"

"Msitu. Na ndege. Na watu wawili watatu."

"Wanapumua?"

"Kwa shida, tangu Paris."

Asifiwe alimtazama vizuri. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya wino wa buluu, na nywele zake zilikuwa na mvi chache mbele ingawa uso ulikuwa wa kijana. "Hicho Kiswahili chako si cha Paris," akasema.

"Mama ni wa Bukavu. Baba ni Mfaransa, alikwenda kufundisha hesabu akarudi na mke. Mi nimezaliwa Lyon. Na wewe?"

"Uvira."

"Ah. Watu wa samaki."

"Na nyinyi Bukavu, watu wa kujiona."

Walicheka wote wawili, na vituo vikapita bila Asifiwe kuvihesabu. Sundbyberg ilipofika, bwana yule alishtuka, akalivuta bomba lake, akashuka nalo kinyumenyume akiomba radhi kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Milango ilifunga akiwa bado anapunga mkono. Hakuna aliyekuwa ameuliza jina la mwenziwe.

Nyumbani Rissne, Stellah alikuwa anakaanga sambusa. Stellah alikuwa Mkenya wa Kisumu, mfanyakazi wa kuhudumia wazee majumbani, na ndiye aliyekuwa akishirikiana na Asifiwe kupanga ile nyumba. Alisikiliza hadithi nzima huku akigeuza sambusa kwa uma.

"Na hukuchukua namba?"

"Ningeichukua wapi? Alikuwa ameshika mti mzima mikononi."

"Wewe Asifiwe, Mungu akikuletea mtu mpaka mlangoni mwa treni, unamsaidia na mzigo halafu unamwacha aende. Sawa. Kula sambusa."

*

Asifiwe alikuwa mfumaji. Alipofika Uswidi na mjomba wake, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, hakujua neno hata moja la lugha, na mwalimu mmoja mwenye akili akampeleka kwenye shule ya ufumaji wakati akili yake ikiendelea kutafuta maneno. Mikono ikaelewa kabla ya ulimi. Sasa, miaka kumi na miwili baadaye, alikuwa mmoja wa wafumaji watatu katika karakana ya Birgitta, ndani ya kiwanda cha zamani pale Sundbyberg, ambako walifuma mazulia ya ukutani: picha kubwa za sufu, zinazochorwa kwanza na msanii kwenye karatasi, kisha kufumwa na watu kama Asifiwe kwa miezi mingi.

Jumatatu ile, Birgitta alikuwa amewaambia kwamba msanii wa Kifaransa angefika. Kituo kipya cha afya kilikuwa kinajengwa Upplands Väsby, na ukumbi wake ulihitaji zulia la ukuta mzima. "Alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta," alisema Birgitta, "tena mwenye jina kubwa. Akaacha. Sasa anachora kwa ajili ya wafumaji tu."

Mlango ukafunguka. Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa bomba la kadibodi.

Asifiwe aliweka kikombe chake mezani polepole. Skafu nyekundu ikafuata, kisha uso, na ule uso ulipomwona ukasimama mlangoni kana kwamba milango ya treni imembana tena.

"Mtu wa samaki," alisema.

"Mtu wa kujiona," akajibu Asifiwe.

Birgitta aliwatazama kwa zamu. "Mnajuana?"

"Hapana," walisema kwa pamoja.

Jina lake lilikuwa Sixte.

Asubuhi ile waliukunjua mchoro sakafuni, nao ukajaza chumba. Ulikuwa msitu wa miti myeupe ya Uswidi, ila miti hiyo ilizaa mapapai. Korongo wa ziwa Kivu walikuwa wamesimama kwenye theluji kana kwamba hawajawahi kujua baridi. Na katikati, kwenye njia, alisimama mwanamke ambaye bado alikuwa mistari tu, bila uso. Sixte hakuwa ametia rangi. Kila kipande kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa ya uzi wa rangi yake. Alipiga magoti kati ya marobota ya sufu siku nzima, akiyaweka kwenye mwanga wa dirisha, akiyaondoa, akiuliza wafumaji lipi litazima lenzake. Wasanii waliopita pale walikuwa na tabia ya kusimama na kuelekeza kwa kidole. Huyu alikaa chini, na alipojibiwa alisikiliza.

"Mbona unatuuliza sisi?" Asifiwe alimwuliza siku moja. "Picha ni yako."

"Nusu ni yangu. Mi naandika wimbo tu. Nyinyi ndio mnaoimba." Kisha akaongeza, "Na wewe unaimba vizuri. Nimekuangalia."

"Unaangalia nyuzi au unaniangalia mimi?"

"Naanza na nyuzi."

Majira ya baridi yakawashika hivyo. Asubuhi, kabla Asifiwe hajavaa viatu, simu ilikuwa ikilia.

"Umeamka, chérie?"

"Sijaamka. Anayezungumza ni katibu wangu."

"Mwambie bosi wako nimenunua mikate ya mdalasini, na mmoja ni wake."

"Mmoja tu? Bosi anasema hatoki kitandani."

"Miwili. Na kahawa."

"Anavaa viatu."

Jumapili moja ya Februari walitembea juu ya ziwa dogo la Råsta lililoganda. Watoto waliteleza na viatu vyao vya barafu, na jua dogo la njano lilikaa chini juu ya mapaa. Asifiwe alikuwa amevaa koti la kijani na kilemba cha kitenge chini ya kofia, maana alikuwa ametoka kanisani. Sixte alimshika mkono akisingizia barafu.

"Juu ya nini uliacha rangi za mafuta?" Asifiwe akauliza. "Birgitta anasema watu walikuwa wanakugombania."

Sixte alipiga teke donge la theluji. "Walikuwa wanagombania kununua. Halafu wanazifungia. Unajua picha nyingi nilizochora ziko wapi? Ndani ya masanduku, kwenye ghala, nchi ambayo hata sikai. Mtu ananunua ili aje auze. Hakuna anayezitazama. Nilikuwa najaza maghala." Akasimama. "Siku moja niliona zulia la ukutani kwenye ukumbi wa stesheni moja ya zamani. Watu walikuwa wamekaa chini yake wanakula mikate, mtoto analala. Hakuna aliyelipa chochote kuliona. Nikasema, mi nataka hivi."

"Na wenzako wa Paris?"

"Walisema nimezeeka mapema. Kwamba kufuma ni kazi ya mabibi."

"Mabibi wana subira."

"Ndiyo maana nimekuja kuishi na mabibi."

Asifiwe alimpiga kibao begani, naye akateleza kweli, wakaanguka wote wawili juu ya barafu, na hapo, wakiwa bado hawajainuka, ndipo Sixte alipombusu kwa mara ya kwanza. Kuna kitu katika hadithi ile ya maghala ambacho Sixte hakukimalizia. Asifiwe alikisikia kikikosekana, lakini midomo yake ilikuwa ya moto na barafu ilikuwa baridi, akakiacha.

*

Kufikia Aprili, mwanamke wa njiani alikuwa amepata umbo. Sixte alimchora amevaa kitenge cha manjano, mkono mmoja juu ya macho kukinga jua, nywele zimefungwa kama Asifiwe anavyozifunga akiwa kazini. Wafumaji wenzake walimtania kutwa nzima. Birgitta alisema kwamba sasa wagonjwa wote wa Upplands Väsby watamjua.

Asifiwe alicheka nao, lakini ndani alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu ila Stellah. Kwani aliwahi kupendwa kwa siri. Miaka ya nyuma, kijana mmoja wa kanisani alikuwa naye muda mrefu, na kila walipokutana na watu alisema, "Huyu ni rafiki," mpaka siku alipotangaza harusi yake na mwingine. Sasa mtu alikuwa anamweka ukutani, mbele ya watu wote, ukubwa wa mtu mzima.

Hata mjomba wake Désiré, aliyemlea na ambaye alikaa Spånga, alikuwa ameanza kulegea. "Mchoraji," alikuwa amesema mara ya kwanza. "Nimeelewa. Na kazi yake ni nini?" Lakini juzi alikuwa ameuliza kama mtu huyo anakula fufu, ule ugali wa muhogo wa kwao.

Jumatatu moja ya Mei, Asifiwe alifika karakana mapema. Zulia hufumwa kutoka upande wa nyuma, mchoro ukiwa umelazwa chini ya nyuzi zilizotandwa, na mfumaji huufuata kwa macho kupitia kati ya nyuzi hizo. Aliinama kuangalia kazi ya siku. Wiki ile walitarajia kufikia pindo la kitenge. Pale pindo lilipopaswa kuwepo, palikuwa na karatasi mpya, imegundishwa juu ya ile ya zamani. Juu yake palichorwa mti.

Alifikiri amekosea sehemu. Akafuatisha kwa kidole. Kitenge, mkono, kichwa, vyote vilikuwa vimefunikwa. Mti tu.

Sauti ya Sixte ilitoka ukumbini, akizungumza kwa simu, kwa Kifaransa. Asifiwe alisoma kwa Kifaransa Uvira, hakuna neno lililompita.

"Nimemtoa, ndiyo. Lilikuwa kosa kumweka. Hapana, hatakuwemo tena. Imekwisha."

Alipoingia na kumkuta, uso wake ulibadilika.

"Yuko wapi?" Asifiwe akauliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Sixte aliweka simu mfukoni. "Nimemtoa. Nilitaka kukueleza kwanza."

"Lakini umeanza kwa kugundisha."

"Haikuwa haki, Asifiwe. Kukuweka pale."

"Haki ya nani? Nani amekulalamikia? Wenye kituo? Wamesema hawataki mtu kama mimi ukutani kwao?"

"Hapana, hawajui hata..."

"Basi ni wewe. Ni wewe ndiye hutaki."

Mlango ukafunguka, Birgitta akaingia na wageni wawili wa kituo cha afya, akitabasamu, akiwaonyesha njia. Sixte alishusha sauti. "Jioni. Nitakueleza yote jioni, tafadhali."

"Mi si mtu wa kuelezwa jioni," alisema Asifiwe, akachukua koti lake.

*

Hakurudi. Alimwomba Birgitta likizo bila malipo, na Stellah akamtafutia kazi ya muda kwa wazee wa Spånga. Aliwapikia uji, akawafunga vifungo vya sweta, akawasikiliza wakihadithia vita walivyosikia redioni. Simu ililia asubuhi kwa saa ile ile, naye akaiweka chini ya mto.

Jumamosi moja Sixte alikuja Rissne mwenyewe. Stellah alisimama mlangoni na kumzuia kwa tumbo lake.

"Mwambie nilifanya kwa heshima," alisema Sixte.

"Heshima gani ya kumfuta mtu?"

"Siwezi kueleza hapa kwenye ngazi, dada Stellah. Naomba niongee naye."

"Anaoga."

"Nitasubiri."

"Anaoga mpaka Krismasi," alisema Stellah, akafunga mlango, kisha akabaki ameegemea mbao, na aliporudi sebuleni hakuwa na furaha ya mshindi. "Yule mtu amekonda," akasema. "Mimi nimemfukuza kwa sababu umeniambia. Lakini amekonda."

Asifiwe alikuwa amekaa na kilemba chake mapajani, akikikunja na kukikunjua.

Wiki iliyofuata Birgitta alimpigia kumwambia kwamba Sixte ameondoka kwenda Lyon na hakusema atarudi lini. Zulia lilikuwa limesimama. Hakuna aliyetaka kufuma ule mti.

"Ameondoka," Asifiwe alimwambia Stellah, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Si unaona." Halafu akaingia bafuni akafungua maji.

*

Simu ilikuja mchana wa Juni, Asifiwe akiwa anatoka kwa mzee wake wa mwisho, akitembea kuelekea stesheni ya Spånga katikati ya bustani za watu zilizojaa maua. Namba ilikuwa ya Ufaransa lakini si ile anayoijua. Akapokea.

"Allô? Wewe ndiye Asifiwe wa mtoto wangu?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nzito, yenye Bukavu yote ndani yake.

Asifiwe alisimama. "Jambo, Mama. Mi si wa mtu."

"Bon. Vizuri. Basi wewe ndiye Asifiwe. Mi ni Mama Concessa. Niko kitandani, wamenitia nyonga ya chuma, na mtoto wangu anakaa hapa pembeni kila siku kama mtu aliyefiwa, wakati mgonjwa ni mimi. Sasa ametoka kununua maji. Tuna dakika chache. Alikwambia juu ya picha yangu?"

"Hapana, Mama. Picha gani?"

Mama Concessa akavuta pumzi. "Nilijua. Sikiliza. Zamani, bado anachora kwa rangi za mafuta, alinichora. Nimekaa kwenye balkoni, naosha mboga ndani ya beseni, mdomo wazi, nacheka. Picha ya kwanza iliyompa jina. Ikauzwa. Sawa, ni kazi. Mi nikawaambia mama wenzangu wa kwaya, twende tukanione. Tukashona nguo. Tukapanda treni mpaka Geneva. Kufika, tunaambiwa picha iko ghalani, ndani ya sanduku, mwenyewe hataki ifunguliwe. Mama sita na vitenge vyetu, tumesimama mbele ya ukuta. Sixte alilia pale, mtu mzima. Akaapa hatamweka tena mtu anayempenda ndani ya kitu atakachowapa wengine. Akaacha rangi za mafuta kabisa."

Asifiwe alikuwa ameshika uzio wa bustani ya mtu. "Kumbe ni hilo alilokuwa anakwambia kwenye simu. Kwamba ni kosa."

"Ndilo. Amekutoa, anafikiri amekulinda. Lakini mwanangu, hajawahi kunielewa, na nimemwambia mara ngapi. Mi sikukasirika kwa kuchorwa. Nilipenda. Nilikasirika kwa kufungiwa. Huo ukuta wenu, watu watauona?"

"Kila mtu, Mama. Mlango uko wazi kutwa."

"Sasa yeye alikuuliza kama unataka kutoka?"

"Hakuniuliza."

"Voilà. Hapo ndipo kosa lake lilipo. Mwambie hilo, usimwambie jingine, maana ana moyo mwepesi. Anakuja. Kwaheri."

Asifiwe alibaki pale kwenye uzio mpaka mwenye bustani akatoka kuuliza kama anahitaji msaada. Akasema hapana, ahsante, akaketi kwenye benchi la stesheni na kuacha treni mbili zipite. Kisha akapiga.

Sixte alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mama yako amenipigia," alisema Asifiwe.

"Mungu wangu. Amesema nini?"

"Amesema una moyo mwepesi."

Ikasikika pumzi, labda kicheko. "Asifiwe, nilikuwa nataka kukueleza. Kila nikianza naona wale mama sita. Nikaogopa. Nikaona nimekufanyia wewe vile vile."

"Ulinitoa bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Na uliniweka bila kuniuliza."

"Hilo sikuwahi kuliona," akasema polepole. "Ndiyo. Hilo pia."

"Unajua mi nilifikiri nini? Nilifikiri umeona aibu. Nimewahi kufichwa, Sixte. Mtu alinificha mpaka nikazoea. Nikaona ule mti, nikasema, huyu naye."

"Aibu?" Sauti yake ilivunjika. "Mi ningekuweka juu ya kila ukuta wa mji huo."

"Sitaki kila ukuta. Niulize kuhusu huu mmoja."

Alisikia akijikohoza, akitafuta maneno kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Asifiwe. Unataka kuwemo?"

Treni ya tatu ilikuwa inaingia, watu wanasimama na mifuko yao. "Nataka," akasema. "Katikati kabisa, pale pale. Na ile manjano uliyochagua ni ya mgonjwa, mi nitakuchagulia nyingine. Na mkono ushuke. Sitaki kuonekana kama namtafuta mtu. Nitamfuma mwenyewe, mwingine asimguse."

"Ndiyo."

"Na Mama akipona urudi."

"Ameshasema kwamba amepona," alisema Sixte. "Ananitupia mto sasa hivi."

*

Alirudi kabla ya sikukuu ya majira ya joto, na jambo la kwanza alilofanya ni kubandua karatasi yenye mti, taratibu, kwa mvuke wa birika, huku Asifiwe amesimama juu yake amekunja mikono. Kazi ikaendelea majira yote ya joto na vuli nzima. Asifiwe alifuma kitenge kwa manjano tatu zilizosukwa pamoja, akafuma shingo, akafuma taya. Alipofika usoni, Sixte alihama chumba. Alisema hawezi kufanya kazi akimwangalia Asifiwe akijitengeneza mwenyewe.

Siku ya kukata zulia kutoka kwenye kitanda cha kufumia huwa ni sherehe, kwa sababu ndiyo siku ambayo hata wafumaji wanaona upande wa mbele kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Februari, theluji mpaka madirishani. Birgitta aliweka kahawa na keki. Mjomba Désiré alikuja na suti yake ya harusi na viatu vilivyong'aa. Mama Concessa alikuwa amefika kutoka Lyon na fimbo mpya, kitenge cha zambarau na koti la manyoya aliloazimwa na mama mmoja wa kwaya. Stellah aliweka kamera tayari. Kila mgeni alipewa mkasi, akakata nyuzi chache, na nyuzi zikaachia moja moja.

Wafumaji wakaligeuza, wakalipandisha kwenye boriti, wakaliacha lishuke.

Miti myeupe ilisimama na mapapai yake, theluji iling'aa kwa weupe wa aina nyingi ambazo jicho halikuweza kuzitenganisha, korongo walinyanyua shingo. Na katikati alikuwa amesimama mwanamke wa kitenge cha manjano, mikono chini, anawatazama moja kwa moja. Asifiwe alikuwa amemfuma uzi kwa uzi, lakini hakuwahi kukutana naye. Hakujua kwamba shavu lina utulivu ule. Hakujua kwamba amesimama wima namna ile. Sixte alikuwa nyuma yake, na alipogeuka kumwambia, alimkuta hatazami zulia hata kidogo. Anamtazama yeye.

"Umefanya kitu kikubwa," alisema Asifiwe kwa sauti ya chini.

"Tumefanya," akajibu.

Mama Concessa alisogea na fimbo yake mpaka mbele ya ukuta. Akalitazama juu, akalitazama chini. Kisha akamgeukia Mjomba Désiré, ambaye hawakuwa wamewahi kuonana, akasema kwa sauti ya kwaya:

"Ndugu, hapo katikati ni mkwe wangu."

Mjomba Désiré aliweka kikombe chini. "Mkwe? Samahani, Mama. Nani amekuja kwangu kuzungumza? Mi sijaona mtu."

Kicheko kikaanza pembeni, alikokuwa Stellah. Sixte aliwaka uso mpaka masikioni. Alifungua mdomo, akasema jambo kwa Kifaransa, akalikatiza, akamtazama Asifiwe kama mtu anayeomba msaada jukwaani.

"Mimi sijui," alisema Asifiwe. "Unaniuliza wewe, au ndiyo Mama amekwisha niuliza?"

"Ni mimi," alisema Sixte. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu, akamshika yake. "Nilikuwa nimepanga kusema vizuri, si mbele ya keki. Asifiwe, nataka tuoane. Nataka tukae nyumba moja na tugombane juu ya manjano mpaka tuzeeke. Unataka?"

Birgitta, ambaye hakuelewa Kiswahili, alikuwa amekwisha anza kulia.

Asifiwe alimwacha asubiri kidogo, si kwa kumtesa, ila kwa sababu alitaka kuiangalia ile sura yake vizuri kabla haijabadilika.

"Nataka," akasema.

Mama Concessa akapiga vigelegele, na mfumaji mmoja wa Kiswidi akaangusha kijiko. Mjomba Désiré alisubiri kelele zitulie. Akainyoosha tai yake, akamsogelea Sixte, akampima kutoka viatu mpaka mvi.

"Jumapili," alisema. "Spånga. Uje na mama yako, mkae kitini kama watu, mzungumze. Mke wangu atapika fufu, na utakula yote."

"Nitakula yote, Mjomba."

"Mjomba bado. Jumapili ndiyo utaniita Mjomba." Lakini alikuwa ameshampa mkono, na hakuwa na haraka ya kuuachia.

Mchana ulipoanza kugeuka buluu, walitoka nje watatu kwenda stesheni, Mama Concessa akiwa katikati, amewashika wote wawili kwapani, akiilaani barafu ya Sundbyberg kila hatua. Juu ya kichwa chake Sixte na Asifiwe waliangaliana, na wakatembea polepole sana.